Amri ya Saba na Mchumia Juani: Uhakiki wa Kitabu "Nickel and Dimed" cha Barbara Ehrenreich

Lipo agizo la Mtume Paulo ambalo katika mimbari zetu hutajwa mara nyingi kuliko linavyosomwa. Ni lile la 2 Wathesalonike 3:10, ambapo Mtume anaagiza kwamba mtu asiyetaka kufanya kazi asile chakula. Wahubiri wengi hulichukua agizo hili na kuligeuza, kana kwamba Mtume amesema kuwa kila mwenye njaa ni mvivu. Hakusema hivyo. Uzito wa agizo lake umo katika neno "kutaka". Juu ya mtu anayetaka kazi, akaipata, akaifanya tangu alfajiri hadi usiku, na bado asishibe, Mtume hasemi neno lolote la lawama.

Mtu huyo wa pili ndiye anayezungumziwa katika kitabu kinachohakikiwa hapa. "Nickel and Dimed" kiliandikwa kwa Kiingereza na Barbara Ehrenreich, mwandishi wa Marekani, kikatolewa mwaka 2001. Nickel ni sarafu ya senti 5 na dime ni sarafu ya senti 10. Jina la kitabu lamaanisha hali ya mtu anayemalizwa kwa gharama ndogo ndogo hata asijue fedha yake imekwenda wapi. Mwandishi alifariki Septemba 2022. Hata hivyo jambo aliloliandikia halikufa pamoja naye, wala si jambo la Marekani peke yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili: kwanza, kwamba kitabu hiki, ingawa kimeandikwa na mtu asiyeamini Mungu, kinaifafanua Amri ya Saba kwa namna ambayo mahubiri yetu yameisahau, na pili, kwamba jibu kinalotoa mwishoni halitoshi, nasi tunalo jibu lililo bora tukikubali kulitumia kwanza nyumbani mwetu.

Kitabu na njia yake

Ili kukielewa kitabu hapana budi kukumbuka wakati wake. Mwezi Agosti 1996 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyobadilisha utaratibu wa misaada ya serikali kwa familia maskini nchini Marekani. Msingi wa sheria ile ulikuwa imani kwamba kazi, hata iwe ya ujira mdogo, humtoa mtu katika umaskini. Mamilioni ya akina mama waliokuwa wakipokea msaada walitazamiwa kuingia katika soko la kazi. Ehrenreich akajiuliza swali jepesi: je, mshahara watakaoupata utawatosha?

Ili kulijibu aliacha meza yake ya uandishi. Kati ya mwaka 1998 na 2000 alitafuta kazi za kawaida katika majimbo matatu, akijaribu kuishi kwa ujira wa kazi hizo tu. Huko Florida alikuwa mhudumu wa mkahawa kwa dola 2.43 kwa saa pamoja na bakshishi. Huko Maine alifanya kazi katika kampuni ya kusafisha nyumba za watu kwa dola 6.65 kwa saa, na mwisho wa juma akawahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Huko Minnesota aliuza nguo katika duka kubwa la Wal-Mart kwa dola 7 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha taifa wakati ule kilikuwa dola 5.15. Kikafika dola 7.25 mwaka 2009, na kwa miaka zaidi ya kumi na mitano iliyofuata hakikupandishwa.

Kwa wasomaji wetu wengi, habari hii yaweza kuwa ngeni. Marekani tunaifahamu kwa wageni wa sinodi rafiki wanaokuja na furaha na kurudi wakiwa wametuachia bati za kanisa au ada za wanafunzi. Minnesota hasa ni jina la kawaida katika dayosisi zetu. Dayosisi ya Iringa imekuwa na undugu wa miaka mingi na Walutheri wa Saint Paul. Ni rahisi mtu kudhani kwamba katika nchi ile umaskini ni wa wasiotaka kazi tu. Kitabu hiki chaiondoa dhana hiyo kwa hesabu.

Hesabu ya kodi ya nyumba

Nguvu ya kitabu imo katika uaminifu wake wa kuhesabu. Katika mwezi wake wa Florida mwandishi alipata dola 1,039. Chakula, mafuta ya gari, sabuni, simu na mahitaji mengine ya lazima yalichukua dola 517. Kama angalibaki katika chumba cha dola 500 alichokodi mwanzoni, angalibakiwa na dola 22. Nazo ni dola 22 kabla ya ugonjwa, kabla ya jino kuuma, kabla ya kiatu kukatika, na bila mtoto hata mmoja wa kulisha. Hakuna uvivu katika hesabu hiyo, wala hakuna pombe. Ipo kodi ya nyumba, na upo ujira ambao haukupangwa na mtu aliyewahi kujiuliza kodi ni kiasi gani.

Hapo ndipo kitabu kinapofundisha jambo ambalo mtu mwenye akiba kidogo hawezi kuliona kwa macho yake. Mmoja wa wahudumu wenzake alifikiria kuhamia katika hoteli ya kulipia kila siku, dola 40 hadi 60. Mwandishi alishangaa: kwa nini mtu maskini achague makazi ya ghali namna hiyo? Mwenzake naye akamshangaa yeye. Atapata wapi kodi ya mwezi mzima pamoja na amana ya mwezi mwingine, vyote kwa mkupuo mmoja? Ehrenreich alikuwa amejitengea dola 1,300 za kuanzia maisha, ndiyo maana yeye aliweza kupanga chumba. Mwingine alilala ndani ya gari lake nyuma ya jengo la maduka. Yeyote aliyetafuta chumba Dar es Salaam au Arusha na kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mapema ataelewa mara moja. Maskini hulipa zaidi kwa sababu hana cha kulipa kwa mara moja.

Methali yetu husema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Tumeitumia methali hiyo kuwahimiza vijana, na ni himizo jema. Lakini kitabu hiki kinatuonyesha wachumao juani ambao jua linawachwea wakiwa wangali juani, huku kivuli wakikalia wengine. Katika kampuni ile ya usafi ya Maine, mteja alitozwa dola 25 kwa kila saa ya mfanyakazi mmoja, naye mfanyakazi aliyepiga magoti kusugua sakafu alipokea dola 6.65. Yupo katika sura hiyo mwanamke kijana, mgonjwa na mjamzito, aliyeumia kifundo cha mguu akiwa kazini akaendelea kusafisha kwa kuchechemea, kwa sababu siku isiyofanyiwa kazi ni siku isiyolipwa. Na yupo mwingine, mama wa watoto wawili, aliyeulizwa anawafikiriaje matajiri wenye nyumba anazosafisha. Hakuonea mtu wivu. Alichotamani ni kuweza kupumzika siku moja inapombidi, na kesho yake aweze bado kununua chakula. Ni vigumu kutoliona hapa Ombi la Nne la Sala ya Bwana. Mama yule hakuomba ghala, aliomba mkate wa siku.

Wizi wa muda ni wa nani?

Sura ya Minnesota ina jambo ambalo mwalimu wa maadili ya Kikristo hawezi kulipita. Wafanyakazi wapya wa Wal-Mart walipofundishwa taratibu walionywa juu ya kosa liitwalo wizi wa muda, yaani kufanya jambo lolote lisilo la kazi katika saa za kampuni. Katika mafunzo hayo hayo mameneja waliitwa viongozi watumishi, jina ambalo kila msomaji wa Marko 10:42-45 atajua mizizi yake. Ehrenreich anadokeza kwamba wizi wa muda wa wafanyakazi wenyewe haukuwa na nafasi katika somo lile.

Dokezo hilo ni la Kilutheri kuliko mwandishi alivyojua. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Martin Luther anaifafanua amri isemayo tusiibe kwa upana unaowashtua wanafunzi kila mwaka. Kwake mwizi si yule tu anayevunja sanduku usiku. Yumo mtumishi anayezembea kazi ya bwana wake, na fundi anayetoza kupita kiasi kwa kazi mbovu. Lakini yumo pia mfanyabiashara anayemnyonya jirani sokoni, na wamo wakubwa wanaoiba kwa heshima, wamekaa vitini, wasiofungwa na mtu yeyote. Luther anaonya kwamba kilio cha maskini waliodhulumiwa hakipotei njiani, bali kinamfikia Mungu. Amri ya Saba basi ina pande mbili. Kampuni ile ilikuwa imeshika upande mmoja tu, ule unaomwangukia mfanyakazi.

Maandiko yenyewe hayana shaka juu ya upande wa pili. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 laamuru kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla ya jua kuchwa, kwa kuwa moyo wake umeutegemea ujira huo. Walawi 19:13 laweka pamoja, katika aya moja, unyang'anyi na kulaza ujira wa kibarua hadi asubuhi. Yakobo 5:4 yasema kwamba ujira uliozuiwa una sauti. Na katika Mathayo 20:1-16 mwenye shamba anawalipa wa saa ya mwisho dinari nzima. Najua mfano huo unahusu neema ya ufalme wa Mungu, nao usigeuzwe kuwa kanuni ya mishahara. Hata hivyo Bwana alichagua picha ya mwajiri anayejua kwamba tumbo la aliyeajiriwa jioni halina ukubwa tofauti na la aliyeajiriwa asubuhi.

Wakristo ndani ya kitabu

Sasa tufike mahali panapotuuma. Wakristo wanaonekana katika kitabu hiki mara kadhaa, na si kwa sifa. Wahudumu wa mkahawa huko Florida, ambao sehemu kubwa ya pato lao ni bakshishi, waliwaogopa wateja waliotoka kanisani. Mwandishi anaeleza meza moja ya watu kumi waliotoka ibada ya Jumapili jioni. Walimtuma huku na huko bila huruma, na kwa chakula cha dola 92 wakamwachia dola moja. Walikuwa wamekwisha kumsifu Mungu, nadhani hata sadaka walikuwa wametoa. Hawakumwona aliyewaletea sahani.

Mahali pengine, huko Maine, Ehrenreich alikwenda jioni moja kwenye mkutano wa injili hemani. Wasikilizaji walikuwa wengi wao watu wa hali ya chini. Wahubiri walisema juu ya msalaba na juu ya uzima wa mbinguni. Juu ya Yesu aliyetembea na maskini, aliyehubiri mlimani na kuwaonya matajiri, anasema hakusikia neno. Anatoka akiwa na mawazo kwamba Yesu yule aliye hai amefungwa kinywa na watu wake mwenyewe.

Tulijibuje shtaka hili? Tukubali kwanza kwamba ni la kweli mahali pengi, na kwamba mikutano ya namna hiyo inajaza viwanja vyetu pia, mingine ikiongeza ahadi kwamba atakayepanda mbegu ya fedha atavuna gari. Lakini tusikubali tiba anayoidokeza mwandishi, kana kwamba msalaba ndio unaomziba Yesu kinywa. Yesu alisulibiwa kwa sababu ya yale aliyosema na kutenda. Mtu hawezi kuuhubiri msalaba wake kwa haki na kuyaacha hayo. Katika Mdahalo wa Heidelberg wa mwaka 1518 Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake halisi, wakati yule wa utukufu huita ubaya wema. Mhubiri anayemwambia kibarua habari za damu ya Yesu, naye asiuite wizi kuwa wizi, hajahubiri msalaba kupita kiasi. Hajauhubiri bado.

Upungufu wa kitabu

Kitabu kina mapungufu, nayo yapaswa kutajwa. La kwanza mwandishi analikiri mwenyewe: alikuwa mgeni katika umaskini. Alikuwa na gari, afya njema, elimu, na kadi ya benki kwa ajili ya dharura. Siku yoyote angeweza kurudi kwake. Umaskini unaoweza kuuaga si umaskini kamili, kwa maana uchungu wake mkubwa ni kutoona mwisho.

La pili ni kwamba mara kwa mara anasikitika kuona wenzake hawakasiriki. Anatafuta sababu katika woga, katika taratibu za kudhalilisha, katika kuzoea kudharauliwa. Sababu hizo ni za kweli. Lakini hachimbi vya kutosha kujua ni nini kinachowasimamisha watu hao kila asubuhi, ni sala gani wanaomba, ni nani anayewalelea watoto wanapokuwa kazini. Maskini wa kitabu hiki wanaonekana vizuri kuliko wanavyosikika.

La tatu ndilo zito. Mwishoni Ehrenreich anasema kwamba hisia inayotufaa sisi tuliotangulia kidogo si kujiona na hatia tu, ni aibu, aibu ya kuishi kwa jasho la watu wasiolipwa sawasawa. Anawaona wafanyakazi hao kuwa ndio wafadhili wakuu wa jamii yao, kwa kuwa wanaacha watoto wao ili watoto wa wengine watunzwe. Neno hilo ni zuri, na litikise dhamiri. Lakini aibu peke yake hufanya nini? Mwenye aibu hugeuza uso. Huacha kumtazama mhudumu machoni, huongeza sarafu mbili mezani, kisha huondoka. Sheria bila Injili hutuacha hapo. Imani yetu ina neno lingine, nalo ni toba, na toba huzaa matunda yanayoweza kuhesabiwa. Zakayo katika Luka 19 hakutangaza aibu yake. Alitaja viwango: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Nyumbani mwetu

Basi viwango vyetu ni vipi? Swali hili haliwahusu Wamarekani peke yao. Kanisa letu ni mwajiri. Yupo mwinjilisti wa mtaa anayeongoza ibada, kufundisha kipaimara, kuzika wafu na kutembelea wagonjwa kwa miguu, kisha posho yake husubiri mavuno au harambee. Wapo mlinzi wa usharika, mpishi wa chuo, fundi wa bustani. Na ndani ya nyumba za wachungaji na walimu yupo msichana wa kazi. Amri ya Mshahara ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea mtumishi wa namna hiyo anayelala kwa mwajiri katika kaya ya kawaida kima cha chini cha sh. 60,000 kwa mwezi. Hicho kilikuwa kiwango ambacho sheria ilikataza kushuka chini yake, nacho katika nyumba nyingi kilichukuliwa kuwa kilele.

Wapo watakaojibu kwamba kazi ya Mungu ni wito, na kwamba Kanisa lenyewe ni maskini. Jibu la kwanza lina ukweli unaotumiwa vibaya. Mtu anaweza kwa hiari yake kujinyima kwa ajili ya Injili, kama Paulo alivyofanya Korintho. Lakini Paulo huyo huyo katika 1 Wakorintho 9 anatetea haki ya mhubiri kula kwa kazi yake. Kujinyima ni zawadi ya mtumishi. Baraza la Wazee halina ruhusa ya kuitoa kwa niaba yake. Neno "wito" likitumika kufunika posho isiyolipwa, halina tofauti na lile jina la viongozi watumishi katika duka la Minnesota.

Jibu la pili nalo lapaswa kupimwa. Ni kweli sharika nyingi hazina fedha. Lakini umaskini unaogawanywa kwa wote ni jambo moja, na umaskini unaobebeshwa mtu mmoja ni jambo lingine. Tazama mpangilio wa bajeti. Mara nyingi ujenzi hutangulia, na ujira hufuata kama kitabaki kitu. Yeremia 22:13 yatangaza ole juu ya mtu anayejenga nyumba yake pasipo haki, akimtumikisha jirani bila ujira. Nabii alikuwa akisema na mfalme juu ya jumba la kifalme. Sijui ni kwa hoja gani tungeliepusha neno hilo lisiguse mnara wa kengele uliopakwa rangi wakati mwinjilisti anadai miezi mitano.

Mapokeo yetu hayakuishia katika maonyo. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig huko Saksonia uliweka kasha la pamoja, naye Luther akaliandikia utangulizi. Fedha za kasha lile zilipangiwa mapema: riziki ya mchungaji na walimu, msaada kwa wasiojiweza, akiba ya nafaka kwa wakati wa njaa. Wenye kulisimamia walitoa hesabu mbele ya washarika. Jambo la kuigwa hapo si kasha lenyewe. Ni ule mpangilio, kwamba tumbo la mtumishi na la maskini viliandikwa katika hesabu badala ya kuachiwa huruma ya siku hiyo.

Kwa sababu hizi nakipendekeza kitabu hiki kisomwe katika madarasa ya maadili na ya diakonia, sambamba na Katekisimo Kubwa juu ya Amri ya Saba. Mwanafunzi asiyekuwa na muda aanze na sura ya Maine. Kisha apewe zoezi moja la mazoezi ya usharikani: achukue bajeti ya usharika wake, amtafute anayelipwa kidogo kuliko wote, akae naye na kuandika hesabu ya mwezi wake kama Ehrenreich alivyoandika yake, kodi, unga, mafuta ya taa, ada, nauli. Hesabu hiyo isomwe mbele ya Baraza la Wazee kabla ya kupitisha bajeti ya mwaka unaofuata, na mhusika mwenyewe awepo kikaoni.